Jinsi ya kufunga mwamba wa pweza huku kwetu Kilwa na Songosongo

Kufunga mwamba maana yake mtu asivue pweza hapo kwa muda. Kwanza kaeni kikao cha BMU (kikundi cha kijiji cha kusimamia uvuvi) na wamama wanaochokoa pweza kwa miguu wawepo, msiwaache, maana mwamba wa kupwa ndo jiko lao. Chagueni mwamba mmoja tu sio yote, watu watakula wapi sasa. Wekeni maboya mpaka ujulikane, fungeni miezi mitatu.

Pweza anaishi kama mwaka hivi na anakua chapchap, jike anataga mara moja tu maishani, analinda mayai pangoni hali chochote, yakianguliwa anakufa, kwa hiyo ukimchoma na chuma kabla umeua kizazi kizima aisee, inauma.

Kufungua iwe maji ya bamvua, yanapokupwa sana, mizani iwepo, walio chini ya gramu 500 waacheni, sheria inakataza.