Tiketi mbili, begi moja: isome stika kabla halijaondoka

Ukiona safari ya kutoka Ulaya hadi nyumbani inauzwa bei ya kutupa, chungulia kwanza kama ni tiketi moja au ni mbili ambazo tovuti imezibandika pamoja. Tiketi ikiwa moja, hata ndege zikiwa za mashirika mawili, kwa kawaida mzigo unapelekwa hadi mwisho wa safari. Zikiwa mbili, shirika la kwanza mara nyingi humaliza kazi pale linapotua, na begi unalichukua mwenyewe kwenye mkanda.

Kwenye kaunta uliza waziwazi: "Mzigo huu naupokea wapi?" Halafu isome stika wanayolibandika begi. Herufi tatu kubwa, yaani kifupi cha uwanja begi linakoishia, ndizo za kuaminiwa: DAR, ZNZ, NBO, MBA, EBB. Ukiona SAW, yaani uwanja wa Sabiha Gökçen, wakati unakwenda Zanzibar, begi lako linaishia Istanbul, hata mhudumu akikwambia hakuna wasiwasi.

Na Istanbul ndiyo inayowakamata wengi. Pegasus, shirika la Uturuki la bei nafuu, hutua Sabiha Gökçen, upande wa Asia. Turkish Airlines ya kwenda Dar au Nairobi inaondoka uwanja mkubwa ulio upande wa Ulaya. Kwa hiyo unapita uhamiaji, unachukua mabegi, unalikata jiji zima na foleni zake. Kwa pasipoti zetu hiyo ni viza. Kwenye nchi za Schengen nako, zile za Ulaya zinazotumia viza moja, viza ya transiti ya uwanjani haikuruhusu kutoka, na mkanda wa mizigo uko nje ya uhamiaji.

Tuseme viza unayo. Umetua alfajiri, ndege ya pili ni usiku. Kaunta nyingi hazipokei mizigo mpaka zibaki kama saa tatu au nne ndege iondoke, kwa hiyo mchana kutwa utasukuma kitoroli hadi chooni. Tafuta chumba cha kuhifadhi mizigo. Heathrow na Dubai vipo, na Istanbul fuata kibao kilichoandikwa Emanet. Wanatoza kwa kila begi, kwa muda. Dawa, powabenki, kompyuta na karatasi zako usiziache humo, tembea nazo.

Uzito nao ni mtego. Shirika moja linakupa mabegi mawili ya kilo 23, jingine kilo 20 basi, na la pili halijali ulichoruhusiwa kule ulikotoka. Jumlisha gharama hiyo, chumba cha mizigo na nauli ya kuhama uwanja kabla hujasema umepata tiketi rahisi. Mimi tofauti ikiwa ndogo nanunua tiketi moja, tena bila kufikiri mara mbili.

Hata tiketi moja ina mipaka yake: ukiingia Marekani, kwa kawaida mzigo unauchukua uwanja wa kwanza kwa ajili ya forodha, kisha unaurudisha. Anayeunganisha Nairobi kwenda Mombasa naye ajiandae kufanya hivyo.

Begi lisipotokea, usitoke ukumbi wa mizigo bila kuandikisha ripoti na kupewa namba yake. Chini ya Mkataba wa Montreal, ule wa kimataifa wa safari za ndege, malalamiko ya begi lililoharibika yaandikwe ndani ya siku 7, na ya lililochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Piga picha ya begi kabla ya safari, maana "jeusi, lina magurudumu" ndivyo wanavyosema wote kwenye ile foleni.