Kula Mombasa ukiwa na siku mbili tu (mwongozo wa mtu wa Nairobi)

Kila wikendi ndefu ikikaribia ni maswali yaleyale, nimekata tiketi ya SGR, naenda Mombasa Ijumaa narudi Jumapili, nikule wapi? Na majibu huwa ni orodha ya mahoteli tu, nenda hii ya Nyali, nenda ile ya taoni. Shida ni kwamba Mombasa chakula kina saa zake. Ukifika mahali pazuri saa mbaya utaambiwa kimeisha ama hakijaiva, alafu unarudi Nairobi unatangazia watu chakula cha Pwani ni kelele tu. Kwa hivyo kabla ya kuuliza wapi, uliza saa ngapi.

Na kabla hujalipia chumba, usichukue ofa ya milo yote mitatu. Najua inaonekana ni bei poa, lakini hizo bafe za bichi zitakupa soseji, viazi na kuku wa kuchemsha, yaani vitu ungepata hata Westlands, na juu umeshalipa utajilazimisha kula. Lipia kitanda peke yake. Chai ya asubuhi ya hoteli ndio hasara kubwa zaidi, utaona nikifika hapo.

Treni basi. Kiti cha kawaida ni 1,500, fasti klasi 4,500. Ile ya saa 2 asubuhi inakushusha Miritini, stesheni ya Mombasa, mchana, ya saa 9 alasiri inakushusha usiku, na ile ya saa 4 usiku inakutema huko usiku wa manane na hakuna cha maana utakula saa hiyo. Mimi ningechukua ya saa 9. Kumbuka Miritini si kisiwani, bado kuna safari ya matatu ama teksi mpaka taoni na foleni iko, so usijaze tumbo na biskuti kwa treni, kaa na njaa yako vizuri mpaka ufike.

Usiku wa kwanza usifikirie sana, nenda vitu vya jiko la makaa. Barabara ya Makadara kuna Tarboush, watu wanaijua miaka na miaka, kuku tikka, mishkaki, shawarma na naan ya moto, na meza zingine ziko nje kabisa barabarani. Agiza tikka na naan, juisi ya ukwaju, kaa. Hapo hakuna bia na usiulize. Kama huna nguvu ya kukaa hotelini, tembea Bondeni ama Mwembe Tayari utafute moshi, mishkaki inauzwa kwa mti, unaviringishiwa ndani ya chapati ama mkate, pilipili ya ukwaju juu, unakula umesimama.

Jumamosi asubuhi sasa ndio kazi inaanza. Amka. Mbaazi za nazi na mahamri zinataka mtu wa mapema, ikifika saa 3 mahali pengi sufuria iko karibu kukwanguliwa. Hizi mbaazi si zile za kwetu za kukaangwa na kitunguu, zinachemshwa mpaka zilainike kabisa alafu zinamaliziwa na tui zito, mchuzi unakuwa mweupe mweupe na mzito. Mahamri yana iliki na nazi, na yakitoka vizuri yamefura, ndani ni uwazi, unapasua moja, unachotea mbaazi nayo. Wapi? Mji wa Kale, Majengo, Bondeni, mama ameweka karai nje ya mlango na watu wamemzunguka. Mimi sitafuti bango. Ukiona mtoto ametumwa na bakuli asubuhi, fuata huyo mtoto. Mwambie muuzaji akuwekee na chai ya rangi ya tangawizi kama iko, na kama hana, nunua mbaazi, kachai utapata duka la pili.

Ukiongea naye tafadhali toa salamu kwanza. Sisi Nairobi tunaingia na "nipee chapo mbili" hata hatujaangalia mtu usoni. Huko unaanza na habari za asubuhi mama, yeye akuulize za kwako, ndio unasema naomba mahamri matano. Mzee wa makamo unamwamkia shikamoo. Inachukua sekunde kumi na utaona vile utaongezewa mchuzi. Mkono wa kulia ndio wa kula, na Mji wa Kale usitembee na kaptula ya bichi na vest, ni mtaa wa watu, wanaishi hapo.

Baada ya hapo uko na masaa ya kutembea, zunguka Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kujenga 1593, alafu ingia Ndia Kuu. Hapo kuna Jahazi Coffee House, mahali pa kivuli pa kukaa chini na kahawa ya viungo, nzuri kwa miguu iliyochoka na kwa foto, bei ni ya wageni kidogo lakini sawa. Kahawa yenyewe ya kiume lakini ni ile ya mtaani, kahawa tungu, inatoka kwa dele, birika la shaba lililokalia makaa, unapewa kikombe kidogo kisicho na mkono. Haina maziwa, haina sukari, tangawizi inakupiga kooni. Sukari ni kipande cha halua ama kashata unachong'ata kando. Shuka na sarafu, mtu wa kahawa ya hela kidogo usimletee noti ya elfu.

Mchana ni wali. Fika kabla ya saa 7 na nusu, juu biriani ya maana inapikwa sufuria moja ya siku hiyo na ikiisha imeisha, hakuna kuongeza maji. Watu wengi wa bara wanachanganya biriani na pilau wakifikiri moja ni nyekundu na ingine kahawia. Pilau inaiva pamoja, mchele, nyama, bizari, vyote sufuria moja. Biriani ya Mombasa ni vyungu viwili: wali mweupe uliotiwa rangi ya njano huku na huku, na rojo yake peke yake, nyama iliyolowekwa na mtindi, nyanya, viungo na vitunguu vya kukaanga mpaka vikauke. Unapakuliwa wali, rojo juu, kachumbari kando, ndimu, na mara nyingi ndizi mbivu. Ile ndizi kula pamoja na wali, usiiweke ya mwisho. Ukipata rojo nyembamba kama mchuzi wa supu hapo umeuziwa jina.

Kama ulifika Ijumaa asubuhi, mchana huo ndio wa biriani, lakini hesabu swala. Kuanzia saa 6 na kitu hoteli nyingi za Waislamu zinafunga ama zinapunguza kazi mpaka watu watoke msikitini, alafu wote wanakuja na njaa pamoja. Ama uwe umekula mapema ama subiri na upange laini.

Ukitaka samaki mchana, agiza wa kupaka, lakini usiagize ukiwa na haraka ya lunchi ya ofisi. Anachomwa kwanza makaani, anapakwa mchuzi mzito wa nazi na ndimu, anarudishwa motoni, anapakwa tena, mpaka ule mchuzi unamshika na kuungua ungua kidogo pembeni. Wanakwambia dakika 20, weka 40. Swali la kuuliza si "mko na fish?", uliza leo ameingia samaki gani. Wakisema changu, tafi ama kolekole umeelewana nao, nguru na jodari ni wa vipande. Na angalia mwezi unaoenda: wakati wa upepo wa kusi, kuanzia Aprili hivi mpaka katikati ya mwaka na zaidi, bahari inachafuka, ngalawa ndogo hazitoki sana, samaki wanapungua na bei inapanda. Wakati wa upepo wa kaskazi, Disemba mpaka Machi, ndio raha. Na samaki ama kamba wanaouzwa kwa uzito, bei iulizwe kabla hajaingia jikoni, si baada.

Jioni hakuna mjadala, ni Lighthouse, Mama Ngina. Palijengwa upya na kufunguliwa 2019, siku hizi kuna viti na njia za kutembea, wazee wengine wanalia kwamba palikuwa na raha zaidi zamani, mimi naona mihogo ni ileile. Nenda saa 11, jua limepoa, meli zinaingia bandarini mbele yako karibu kabisa. Mihogo iko aina mbili. Ya kuchoma, anaitoa kwa makaa, anapasua katikati kwa kisu, anakamulia ndimu, alafu anachovya kile kipande cha ndimu kwa chumvi na pilipili ya unga na kukisugua ndani ya ufa wote mpaka mwisho. Na ya kukaanga, iliyokatwa nyembamba kama krispi, inatiwa pilipili na ndimu vilevile. Chukua ya kuchoma kwanza, ikipoa inakuwa ngumu.

Viazi karai navyo ni viazi vilivyochemshwa, vikachovywa kwa uji wa unga wa njano, vikatupwa kwa mafuta. Siri iko kwa ukwaju, ukipewa ule wa maji maji ambao hauna uchachu sogea meza ya pili. Dafu usilinywe na kuondoka. Ukimaliza maji mrudishie, atalipasua kwa panga na kukukatia kijiko kutoka kwa kaka lenyewe, ukwangue ile nyama laini ndani. Watu wa Nairobi wanaachanga hiyo sehemu kila siku na ndio tamu.

Kufikia hapo umeshiba nusu, na ndio maana usiku wa Jumamosi usiupangie chakula kikubwa isipokuwa uko na mtu wa kumvutia. Kama uko naye, Tamarind, Nyali, iko juu ya mwamba inaangalia bandari ya zamani na Mji wa Kale ng'ambo, ni ya kamba na kaa na bili ya kukaa chini uisome pole pole. Wana pia jahazi la kula ukizunguka majini. Piga simu ushike meza mapema. Wa bia na nyama choma waende Mtwapa, hiyo hamhitaji mwongozo.

Ramadhani ni hesabu ingine kabisa. Mchana vibanda vingi vimefungwa, mbaazi za asubuhi sahau, na kula ukitembea barabarani Mji wa Kale ni kukosa adabu hata kama hakuna atakayekwambia kitu. Lakini jua likizama, hakuna wakati mzuri wa kula Mombasa kuliko huo. Kuanzia saa 10 meza zinatoka nje, kaimati, sambusa, vitumbua, mikate ya mofa, tambi za sukari, muhogo wa nazi, tende. Nunua mapema kabla ya adhana, weka kando, kula na wenzako wakifungua. Ukibahatika mtu akakuita futari kwake, nenda, na usiende mikono mitupu, tende ama matunda yanatosha.

Jumapili uko na asubuhi tu kama unarudi na treni ya saa 9. Mbaazi tena, ama kama umechoka nazo, Blue Room ya Haile Selassie, iko hapo tangu miaka ya 1950, sambusa na bhajia zao bado zinaeleweka na kuna aiskrimu. Alafu pita Mji wa Kale ama upande wa Marikiti ununue vitu vya nyumbani: halua, achari za maembe, mabuyu, kashata. Halua onja kwanza, wenyewe wanakukatia kipande bila shida, ile nzuri inavutika na haiachi mafuta mengi kwa mdomo. Toka taoni saa 7 kamili, usidanganywe na mtu wa tuktuk kwamba ni karibu, juu ukifika Miritini kuna mlolongo wa kukaguliwa, mabegi yanapangwa chini mbwa wanapita wakinusa kabla hata hujafika kwa mashine. Halua weka kwa mkebe wa kufunga. Achari na mabuyu fungia karatasi mbili na uviweke mbali na nguo nyeupe, ile rangi nyekundu haitoki, na kwa treni watoto wa viti vya mbele watakuwa washaona unakula nini, so nunua pakiti za ziada.