Namna ya kuandaa taarifa ya wiki ya watumishi katika chuo cha maendeleo ya wananchi

Mpishi akiambiwa saa 4 asubuhi kwamba wageni 40 watakula chuoni mchana, hana la kufanya. Mchele umeshapimwa wa wanachuo peke yao, maharage hayakulowekwa usiku, na mtunza bohari aliyeshika funguo yuko mjini. Ukifuatilia utakuta habari yenyewe ilifika wiki iliyopita, ikalala ndani ya barua masijala. Taarifa ya wiki ya watumishi, yaani karatasi ya matangazo inayowatokea kila wiki, inaandikwa ili barua ya namna hiyo imfikie anayehusika akiwa bado na muda wa kujiandaa. Habari nyingine zote zinazoingia humo, hata zikipendeza vipi, zinafuata nyuma ya hilo.

Mwongozo huu unahusu vyuo vya maendeleo ya wananchi vya Tanzania, vile vilivyoanzishwa kuanzia mwaka 1975 kwa kuiga mfano wa Sweden, na ambavyo sasa ni 54 chini ya Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia. Mazingira yake ni ya pekee. Uwanja mmoja una karakana ya useremala, darasa la ushonaji, shamba, banda la mifugo, mabweni, kozi fupi za wanakijiji na, katika vyuo vingi, wasichana na akina mama vijana waliorudi kusoma chini ya mpango wa Elimu Haina Mwisho, wengine wakiwa na watoto wao. Watumishi ni wachache na kila mmoja ana ratiba yake. Tangazo la kusomwa kwenye mkutano wa asubuhi haliwafikii wote.

Kukusanya habari

Mteue mtu mmoja wa kupokea habari, na mwingine wa kushika nafasi yake akisafiri. Watu wawili wakipokea kwa wakati mmoja, kila mmoja atadhani mwenzake ameshaandika. Mwisho wa kupokea uwe Jumatano saa 9:30 alasiri, ofisi zinapofungwa. Alhamisi ni ya kuandika na kupata kibali. Ijumaa taarifa itoke kabla ya saa 5 asubuhi, maana kuanzia saa 6 wengine wanajiandaa kwa swala, na wakitoka huko siku imekwisha. Usiingoje Jumatatu: ratiba ya wiki ikitoka Jumatatu asubuhi inakuta siku ya kwanza imeshaanza.

Usikae ofisini ukisubiri watu walete. Wenye habari muhimu kuliko zote ndio wasioandika. Jumatano pita mwenyewe sehemu tano, kwa dakika kumi kumi: masijala, uone barua zilizoingia, kwa mhasibu, uulize malipo gani yana tarehe ya mwisho, bohari, jikoni, na kwa dereva, kwa sababu daftari la safari za gari linakuonyesha nani anaondoka kabla hajasema. Ukipita huko, theluthi mbili za taarifa yako umeshazipata.

Kando ya hayo weka kalenda ya mwaka ukutani, iliyojazwa mapema. Sikukuu zenye tarehe maalumu zinajulikana: 12 Januari, 7 Aprili, 26 Aprili, 1 Mei, 7 Julai, 8 Agosti, 14 Oktoba, 9 Desemba. Idd iandike kwa penseli na uongeze maneno "kutegemea mwandamo wa mwezi", halafu usipange kikao siku inayotangulia wala inayofuata. Tarehe 30 Juni izungushie wino mwekundu. Mwaka wa fedha unafungwa siku hiyo, na maombi ya vifaa yanayoletwa wiki ya mwisho hayapati muda wa kupita kwenye mfumo wa ununuzi wa NeST. Ukumbusho wa kwanza kwa wakuu wa fani utoke mwanzoni mwa Aprili. Maonesho ya Nanenane nayo, kama chuo kinapeleka bidhaa, yanataka wiki sita: samani zikauke vanishi, nguo zishonwe na kupigwa pasi, na usafiri upatiwe kibali.

Kuandika tangazo moja

Hili ndilo eneo linaloharibika zaidi. Chukua mfano wa kawaida: "Wakufunzi wote mnatangaziwa kuwa kutakuwa na zoezi muhimu la vifaa wiki ijayo. Msikose." Msomaji hajui siku, mahali, wala kama yeye ni mmoja wa wanaotakiwa. Atauliza kwenye kundi la WhatsApp, watatu watamjibu, na majibu yatakuwa matatu. Lilinganishe na hili:

KUHESABU VIFAA VYA KARAKANA
Lini: Jumatano, 13 Mei 2026, saa 3:00 asubuhi hadi saa 6:00 mchana
Wapi: bohari kuu
Nani: wakuu wa fani za useremala, ushonaji, uashi na umeme
Njoo na: leja ya karakana na orodha ya vifaa vibovu
Usipoweza kufika: mweleze mtunza bohari kabla ya Jumatatu, 11 Mei, saa 9:30 alasiri
Malipo: hakuna posho, chai itakuwepo

Siku na tarehe ziende pamoja kila mara. Ukikosea moja, nyingine inakufichua, na msomaji atakupigia simu kabla ya kupotea. Maneno "wiki ijayo" na "Jumatano hii" yafute kabisa, kwa sababu taarifa iliyoandikwa Alhamisi husomwa Jumapili, na hapo "wiki ijayo" si ile uliyoikusudia.

Mstari wa malipo watu wengi huona aibu kuuandika. Uandikwe. Ukinyamaza, mmoja atadhani nauli itarudishwa, mwingine atasikia kwamba fedha zilikuja zikaliwa, na uvumi huo utadumu kuliko kikao chenyewe. Kama kuna posho ya kujikimu au nauli, taja aina yake na ofisi itakayolipa. Kiwango kiachie barua rasmi.

Saa ina hatari yake. Sisi tunahesabu kuanzia alfajiri, lakini simu, kompyuta na mialiko ya mikutano ya mtandaoni huhesabu kuanzia usiku wa manane. Mwaliko ulioandikwa 10:00 ni saa 4 asubuhi. 14:00 ni saa 8 mchana. Anayetafsiri haraka huandika "saa 10:00" na kuacha hapo, basi nusu ya watumishi wanafika alasiri. Kanuni ni kujumlisha au kutoa sita, kisha kutaja kipindi cha siku: alfajiri, asubuhi, mchana, alasiri, jioni, usiku. Saa isiyo na kipindi isitoke. Kwa safari za usiku ongeza neno moja zaidi: "usiku wa kuamkia Jumamosi". Ukiandika "Ijumaa usiku saa 9" na basi linaondoka saa 9 za usiku wa kuamkia Jumamosi, yuko atakayefika kituoni saa 24 kabla.

Kabla ya kufunga ratiba, pima kila shughuli dhidi ya mambo manne: swala ya Ijumaa, Jumamosi kwa Wasabato, futari mwezi wa Ramadhani, na zamu za walinzi. Mlinzi aliyekesha usiku usimwite kwenye mafunzo ya saa 3 asubuhi. Mpangie alasiri, kabla zamu yake haijaanza.

Habari za watu

Ajira mpya, uhamisho, kupanda daraja, kustaafu, kurudi kutoka masomoni: watu wanapenda kuzisoma, na zinastahili nafasi. Lakini habari ya uhamisho au daraja isitoke kabla mhusika hajaipokea barua yake mkononi. Mtu kujua kwenye ubao kwamba amehamishwa ni jeraha, na barua ikibadilishwa njiani chuo kinabaki na maelezo ya kutoa.

Ugonjwa uandike kwa uangalifu zaidi. "Mwenzetu amelazwa, anapokea wageni saa 10 hadi 12 jioni" inatosha, tena baada ya yeye au ndugu zake kukubali. Jina la ugonjwa halina nafasi humo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na hata bila sheria, utu unatudai hivyo. Namba za simu, tarehe za kuzaliwa na picha za watoto wa wanachuo nazo zisiingie bila ridhaa.

Msiba hausubiri Ijumaa. Unatoka saa ileile, kwa ujumbe wake peke yake: nani amefiwa na nani, msiba uko wapi, mazishi lini na wapi, gari la chuo litaondoka saa ngapi, na rambirambi anapokea nani. Mpokeaji awe mmoja, na taja jina litakalotokea kwenye simu wakati wa kutuma fedha, ili mtu alihakiki kabla hajabonyeza. Taarifa ya Ijumaa itarudia kwa ufupi na kuongeza shukrani za wafiwa, wakizileta.

Kibali

Taarifa hukwama zaidi mezani kwa Mkuu wa Chuo kuliko mahali pengine popote. Dawa ni kukubaliana mapema, kwa dokezo lenye saini, mambo yapi lazima ayaone: fedha, masuala ya utumishi, nidhamu ya wanachuo, na ziara za viongozi. Yaliyobaki, kama ratiba ya usafi, kujaza PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, kabla ya tarehe ya mwisho au kukatwa maji kwa ukarabati, mwandishi ayatoe mwenyewe. Mkuu akisafiri, kaimu asaini. Asipopatikana hata kaimu hadi Ijumaa saa 4, toa taarifa bila kipengele kilichokwama. Usiizuie yote.

Kuisambaza

Karatasi moja ya A4, pande mbili, matangazo yasiyozidi kumi na mawili. Yakizidi, watu husoma matatu ya juu. Anza na yenye tarehe ya karibu, bila kujali cheo cha aliyeyaleta. Ya ubaoni iwe na herufi za ukubwa wa 14, kwani husomwa mtu akiwa amesimama, tena wengine bila miwani.

Kwenye WhatsApp fungua kundi la matangazo ambalo wasimamizi pekee wanaandika. Mazungumzo na pongezi yabaki kundi jingine. Tuma kwanza mistari mitano ya maandishi yenye mambo ya lazima, ndipo faili la PDF lifuate, chini ya MB 1. Wengi hawafungui faili kwa kuhofia bando, na picha ya karatasi iliyopigwa kwa simu haisomeki ikishapitishwa mara mbili. Faili lipewe namba na tarehe: "Taarifa Na. 19, 8 Mei 2026". Bila namba, toleo la zamani litasambazwa tena na hakuna atakayejua.

Walinzi, wapishi, wahudumu na vibarua wa shamba wengine hawana simu janja. Chapa nakala nne: ubao wa utawala, bwalo, kibanda cha getini, na moja ya jalada masijala. Ya getini itie kwenye mfuko wa plastiki, la sivyo wino wa printa utachuruzika mvua ya kwanza. Ukibandika mpya, bandua ya zamani siku hiyohiyo. Ubao wenye karatasi za miezi mitatu hausomwi na mtu.

Jambo likibadilika, usibadilishe faili kimyakimya. Andika neno MAREKEBISHO, taja namba ya taarifa, kilichokuwa na kilivyo sasa: "Kikao cha Jumatano 13 Mei kimehamia Alhamisi 14 Mei, saa ileile, ukumbi uleule." Kisha nenda kwa miguu ukarekebishe kwa kalamu nakala zote tatu za ukutani. Hatua hii ndiyo husahauliwa, na anayeumia ni yule asiye na simu.

Jumatatu asubuhi, ukipita getini, muulize mlinzi: wiki hii unatakiwa wapi, siku gani, saa ngapi? Muulize na mpishi wageni ni wangapi. Wakisita, rudi kwenye karatasi utafute mstari uliowaangusha.