Tazama anavyoogelea kabla ya kutazama rangi

Ukipiga mbizi kwenye matumbawe na unataka kumtambua samaki, acha rangi kwanza. Angalia anasukumwa na pezi lipi. Pono hupiga makasia kwa mapezi ya ubavuni, mkia unafuata tu. Kikande hutikisa pezi la mgongoni na la chini, kama pazia kwenye upepo. Chewa mara nyingi katulia chini, anakukodolea macho. Hapo umeshapata ukoo, na kitabu cha samaki kinabaki na kurasa chache za kupekua.

Rangi inadanganya kwa sababu maji hufyonza mwanga mwekundu mapema. Ukifika mita 10 hivi, samaki mwekundu anaonekana wa kijivu au kahawia mpaka ummulike kwa tochi. Tena pono hubadilika rangi akikua, na majike wengi hugeuka madume yenye rangi nyingine kabisa.

Mbinu hii hukwama samaki akishtuka: karibu wote hukimbia kwa mkia, basi subiri atulie. Haitoshi pia kumtenga pono na jamaa zake wanaoogelea vilevile. Hapo mtazame mdomo: pono meno yake yameungana kama mdomo wa kasuku.