Unapanga kubeba mimba? Foliki inaanza kabla ya kliniki

Huku kwetu nyanda za juu kusini, kuanzia Mbeya mjini mpaka Makambako na Iringa, dada wengi wakishika mimba wanasubiri tumbo lianze kuonekana ndo waende kliniki, miezi minne au mitano hivi, siku hiyo nesi anakupa vidonge vya kuongeza damu vyenye madini chuma na foliki (folic acid, yani vitamini B9). Vimeze, vina kazi yake, ila kwa mgongo wa mtoto vimeshachelewa. Ule mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo unajifunga ndani ya siku 28 tu tangu mimba itunge, yani wewe ndo kwanza unajiuliza mbona mwezi huu sijaona siku zangu. Usipojifunga chini mtoto anazaliwa na mgongo wazi, usipojifunga juu fuvu halikamiliki na mtoto huyo haishi.

Kwa hiyo cha kwanza kabisa ni muda. Kidonge cha foliki mikrogramu 400, kimoja kila siku, angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba, miezi mitatu ni bora zaidi, halafu unaendelea mpaka wiki ya 12. Kama una kijiti au unachoma sindano ya uzazi wa mpango usingoje mpaka siku ya kukitoa, anza mapema. Na kwa sababu mimba nyingi huwa hazipangwi, mimi naona hata usiyepanga ila unajua inaweza kutokea, meza tu. Haizuii kila kasoro lakini migongo wazi mingi inazuilika, na inaniuma sana nikisikia mama anaambiwa karogwa au kuna mwiko alivunja wakati hakuna aliyemwambia habari ya kidonge.

Sasa angalia kipimo maana hapa watu wanachanganya. Famasini ukiomba foliki mara nyingi unapewa ya miligramu 5, hiyo ni zaidi ya mara 12 ya dozi ya kawaida. Dozi kubwa ni ya daktari kukuandikia, mfano ulishazaa mtoto mwenye mgongo wazi, au una kisukari, au unatumia dawa za kifafa kama valproate na carbamazepine. Na wewe wa kifafa tafadhali usiache dawa zako kimyakimya ukisikia hivi, nenda kaongee na daktari kabla hujabeba mimba.

Chakula? Tunacho, maharage, njegere, mchicha, parachichi za Rungwe na Njombe, ila mboga ukizichemsha sana na maji ukamwaga foliki inaondoka nayo, na chakula peke yake mara nyingi hakifikishi kiwango. Unga wa viwanda vikubwa unaongezewa virutubisho, foliki ikiwemo, lakini wengi wetu tunasaga mahindi yetu kwenye mashine ya mtaani na huo hauongezwi kitu. Pombe pia inapunguza foliki mwilini, hata ulanzi, pumzika nao kuanzia unapoanza kupanga.

Ukishika mimba wahi kliniki, na chukua pakiti ya vidonge ulivyokuwa unameza uwaonyeshe. Foliki ya miligramu 5 inapunguza nguvu ya SP, zile dawa za kuzuia malaria wanazokupa pale, hasa kama unaishi kwenye mbu wengi kama Kyela, ila ya mikrogramu 400 haina shida nayo.