Somo: Kuanza bustani ya mboga kwa pesa kidogo, hatua kwa hatua

Wanachama wapya wengi wa kikundi chetu wananiuliza swali moja: "Nimepata kipande cha ardhi, ninunue nini kwanza?" Naomba kwa wiki ya kwanza usinunue chochote. Chukua ndoo, nenda mpaka mahali utakapochota maji, ijaze, kisha itembeze mpaka kwenye kipande chako. Hesabu dakika. Sikiliza mabega yako. Bustani yako itakuwa na ukubwa ule ambao ndoo hiyo inaweza kuulisha, hata kama mwenye ardhi amekupa eneo mara tano ya hapo.

Nasema hivi kwa sababu mwaka wangu wa kwanza nililima eneo lote nililopewa. Miche ilishika vizuri. Wiki mbili nilibeba maji kila jioni, wiki ya tatu nikaanza kuruka siku, na ilipofika wiki ya tano theluthi mbili za bustani zilikuwa vijiti vikavu. Pesa ya mbegu, ya samadi na ya kibarua ilipotelea humo. Kilichotulisha msimu ule ni matuta mawili tu yaliyokuwa karibu na maji.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya maji

Mboga nyingi zinahitaji maji ya kiasi cha milimita 25 kwa wiki, yawe ya mvua au ya kumwagilia. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Kwa hiyo kila mita ya mraba inataka lita 25 kwa wiki, na jua likiwa kali, zaidi ya hapo.

Sasa chukua tuta la upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 4. Hilo ni eneo la mita za mraba 4.8, yaani lita 120 kwa wiki: ndoo 12 za lita 10. Matuta mawili ni ndoo 24. Kama safari moja ya kwenda na kurudi ni dakika tano na unabeba ndoo mbili kwa mkupuo, matuta mawili yatakula saa moja ya wiki yako. Hilo mtu mwenye kazi na watoto analiweza. Matuta kumi halafu mvua ikatike, hapana. Anza na mawili.

Hatua ya 2: Kitazame kipande chenyewe

Nenda asubuhi, mchana na jioni siku hiyo hiyo. Nyanya, pilipili, matango na maharagwe vinataka jua la moja kwa moja kwa muda wa saa 6 hadi 8 kila siku. Mboga za majani zinavumilia kivuli kidogo, hata saa 4 zinatosha. Angalia pia maji ya mvua yanapita wapi na yanatuama wapi. Mti mkubwa ulio karibu unanyang'anya vyote viwili, jua na maji, kwa hiyo usogee mbali nao.

Hatua ya 3: Ujue udongo wako kwa chupa ya kioo

Hili halina gharama yoyote, na mimi nalipenda kuliko hatua nyingine zote. Chimba sentimita 15, chukua udongo, toa mawe na mizizi. Jaza theluthi moja ya chupa pana yenye mfuniko, ongeza maji mpaka karibu na mdomo, tia tone la sabuni ya vyombo, funga, tikisa dakika tano bila kupumzika. Kisha iweke mezani uiangalie.

Ndani ya dakika moja hivi mchanga umeshatua chini. Weka alama kwa kalamu. Baada ya saa mbili tope laini limelala juu ya mchanga. Weka alama nyingine. Kesho yake, au hata keshokutwa, maji yanapoanza kung'aa, tabaka la juu kabisa ni mfinyanzi. Majani na vipande vya mizizi vinaelea. Tabaka la mchanga likiwa nene sana, maji yatapita upesi na itabidi umwagilie mara nyingi zaidi, kila mara kidogo. Mfinyanzi ukiwa mwingi, maji yatakaa, lakini usikanyage wala kulima udongo huo ukiwa umelowa, maana utakauka kama tofali.

Dawa ya udongo wa aina zote mbili ni ileile: mboji. Ndiyo maana pesa yako ya kwanza, kama ipo, iende huko.

Hatua ya 4: Safisha na uweke matuta

Usifyeke bustani nzima. Safisha pale tu patakapokaa matuta mawili. Upana wa mita 1.2 ni ili mkono wako ufike katikati kutoka kila upande bila kukanyaga ndani. Acha njia ya sentimita 40 hadi 50. Ukishaweka tuta, mguu usiingie tena humo.

Magugu ya kawaida yakate usawa wa ardhi, kisha tandika maboksi ya karatasi yaliyotolewa gundi za plastiki na pini, yapishane sentimita 15, yaloweshe chapachapa, na juu yake weka mboji. Magugu yanakosa mwanga na kufa, boksi lenyewe linaoza. Ila ukiona ndago au sangari, boksi peke yake halitoshi. Chimbua kwa uma wa shambani, fuata mzizi mpaka mwisho wake. Ukiikatakata sangari kwa jembe, kila kipande kinakuwa mche mpya. Nimeona watu wakiilima kwa bidii msimu mzima huku wakiizidisha.

Hatua ya 5: Mboji na samadi

Lundo la mboji lisipungue mita moja kila upande na kwenda juu, vinginevyo halipati joto. Changanya vitu vikavu (majani makavu, mabua, karatasi za boksi zilizochanwa) na vibichi (majani mabichi, maganda ya mboga na matunda, samadi). Kwa kipimo cha macho, ndoo mbili au tatu za vikavu kwa ndoo moja ya vibichi. Nyunyiza maji mpaka ukikamua konzi moja ihisi kama kitambaa kilichokamuliwa. Baada ya siku chache tia mkono katikati: ikikulazimu kuutoa haraka kwa joto, linafanya kazi. Geuza kila wiki mbili. Likinuka uvundo, ongeza vikavu na uligeuze.

Mboji huiva kwa miezi mitatu mpaka sita, inategemea unavyogeuza na hali ya hewa. Mboji iliyoiva ni nyeusi, inavunjika vidoleni, na inanukia kama ardhi baada ya mvua. Kwa tuta la mita za mraba 4.8, tabaka la sentimita 3 ni ndoo 14 au 15 za lita 10.

Samadi mbichi usiiweke kwenye mboga. Inaunguza mizizi na ina vijidudu vya kuumiza tumbo. Iache ioze miezi kadhaa, au uipitishe kwenye lundo la mboji.

Hatua ya 6: Vifaa

Jembe, uma, reki, ndoo mbili, kamba na vijiti. Azima unachoweza kuazima. Chupa ya plastiki iliyotobolewa mfuniko kwa msumari wa moto inamwagilia kitalu vizuri kabisa. Jambo moja silegezi: dumu au ndoo iliyowahi kuwa na sumu ya wadudu isiingie bustanini, hata ikioshwa mara kumi.

Hatua ya 7: Mbegu

Kama una mbegu za zamani au ulizopewa, zipime kabla ya kuzipanda. Hesabu mbegu 10, zipange kwenye kitambaa chenye unyevu, kunja, weka ndani ya mfuko wa plastiki mahali penye ujotojoto. Zichungulie baada ya siku 7 hadi 10. Zikiota 8, ni nzuri. Zikiota 5, sia mara mbili ya kawaida. Zikiota 2, usipoteze tuta lako kwa ajili yake. Mbegu za vitunguu huchakaa upesi, mara nyingi ndani ya mwaka mmoja au miwili. Za nyanya hukaa miaka minne au zaidi zikihifadhiwa pakavu na penye ubaridi.

Ukitaka kujiwekea mbegu za msimu ujao, anza na maharagwe, nyanya na letusi, maana hujichavusha zenyewe na watoto hufanana na mama. Mbegu chotara (zilizotokana na kuchanganya aina mbili) zinazaa vizuri mara ya kwanza, lakini ukihifadhi mbegu zake hujui utavuna nini. Maboga nayo huchavushana ovyo na ya jirani.

Kwa msimu wa kwanza panda aina nne tu. Figili, kwa sababu iko tayari ndani ya siku 25 hadi 30, na mtu anayeanza anahitaji kuvuna kitu mapema ili moyo usikate tamaa. Mboga ya majani unayoichuma ikachipua tena, kama letusi. Maharagwe mafupi, siku 50 hadi 60 kwa maganda machanga. Na miche mitatu ya nyanya, umbali wa sentimita 50 au 60. Kina cha mbegu yoyote ni mara mbili au tatu ya unene wake. Figili na letusi usizisie zote siku moja. Sia mstari mfupi kila baada ya wiki mbili, la sivyo utavuna kapu zima wiki moja na kukaa bila kitu wiki nne.

Hatua ya 8: Kumwagilia na kutandaza

Mbegu zinazoota zinataka unyevu wa juu kila siku. Mimea iliyoshika inataka maji ya kuzama, mara mbili au tatu kwa wiki, asubuhi, kwenye shina na siyo juu ya majani. Kabla ya kubeba ndoo, chomeka kidole mpaka pingili ya pili. Kikitoka na udongo wenye unyevu umekishika, rudisha ndoo.

Miche ikifika kimo cha kiganja, tandaza nyasi kavu zisizo na mbegu, unene wa sentimita 5 hadi 7, ukiacha nafasi ya vidole viwili kuzunguka shina. Matandazo ndiyo yaliyonipunguzia safari za maji kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kufanya.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, ardhi siyo yangu, nimepewa msimu mmoja tu. Kuna haja ya kuhangaika na mboji?

Jibu: Ipo, ila usiitandaze tuta zima. Weka konzi mbili katika kila shimo la mche. Panda vinavyokomaa haraka. Na dada, andikeni makubaliano hata ukurasa mmoja: mwisho ni tarehe gani, maji ni ya nani, na kama mazao bado yako ardhini siku hiyo itakuwaje. Nimeona watu wakigombana kwa ajili ya nyanya mbichi.

Swali: Niliweka samadi iliyooza kabisa, lakini majani ya maharagwe yamejikunja kama vikombe na ncha zimesokoteka. Nimekosea wapi?

Jibu: Huenda hukukosea. Kuna dawa za kuua magugu zinazopulizwa kwenye malisho. Mnyama anakula nyasi, dawa inapita tumboni bila kuvunjika, na inabaki kwenye samadi hata baada ya kuoza. Maharagwe na nyanya huumia kwanza. Mimi niliuziwa mzigo mzima wa namna hiyo na tuta likanilaza njaa. Tangu hapo kila samadi mpya naijaribu: nachanganya na udongo wa kawaida kwenye makopo matatu, kopo la nne naweka udongo mtupu, napanda maharagwe kote na kusubiri wiki nne. Majani yakijikunja kwenye matatu na siyo kwenye la nne, samadi hiyo siitumii.

Swali: Miche ya kabichi nakuta imekatwa shingoni asubuhi, lakini haijaliwa. Ni panya?

Jibu: Huyo ni sota. Kwangua udongo sentimita mbili au tatu kuzunguka mche ulioangushwa, asubuhi hiyohiyo, utamkuta funza mnene wa kijivu amejikunja. Muue. Miche iliyobaki ivalishe kola ya karatasi ngumu ya urefu wa sentimita 8, tatu kati ya hizo ziingie ardhini.

Swali: Nyanya zangu zinaoza kitako, sehemu nyeusi iliyobonyea. Ninunue dawa gani?

Jibu: Usinunue dawa, huo siyo ugonjwa wa kuambukiza. Tunda linakosa kalisi (madini ya kalsiamu), na mara nyingi kalisi ipo kwenye udongo ila maji ya kuisafirisha yanakuja leo mengi, kesho hakuna. Mwagilia kwa mpangilio na utandaze. Matunda yaliyoharibika yachume, yatakayofuata yatakuja safi.

Swali: Maji yangu ni ya mbali sana. Naweza kutumia ya kufulia?

Jibu: Unaweza, kwa masharti. Yawe ya kusuuzia, siyo ya kwanza yenye sabuni nzito, na yasiwe na dawa ya kung'arisha nguo, wala yasiwe yaliyofulia nepi. Yatumie siku hiyohiyo, yakilala yananuka na kuzalisha vijidudu. Mwaga kwenye udongo wa nyanya na maharagwe, usimwage kabisa kwenye letusi, figili au chochote kinacholiwa kibichi na kinachogusa ardhi. Badilisha na maji safi kila mara ya pili ili chumvi za sabuni zisijikusanye. Ukiona udongo unafanya ukoko mweupe juu, acha kwa wiki kadhaa.