Oili ya transfa imepungua: tafuta ilikokwenda kabla ya kuongeza

Pikapu za foo wili zinazofanya kazi huku kusini mwa Tanzania hupata taabu za aina mbili kwa mwaka. Kuanzia Oktoba hubeba magunia ya korosho katika michanga ya Tandahimba na Newala, mara nyingi zikiwa kwenye gia nzito, na mvua zikishika kasi magari hayo hayo huvuka vijito na madimbwi yanayofika usawa wa propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye magurudumu). Katika taabu zote mbili, kinachoumia bila mwenye gari kusikia ni transfa, yaani ile boksi iliyo nyuma ya gia boksi, inayogawa nguvu kwa propela ya mbele na ya nyuma. Oili yake ni kidogo, kwa pikapu nyingi ni kati ya lita 1 na lita 2 na ushee, kwa hiyo upungufu wa nusu lita ambao injini ingeuvumilia kwa muda, hapa huunguza beringi.

Nilipokuwa bado mchanga katika kazi hii niliwahi kuletewa pikapu iliyokuwa ikivuma chini ya sakafu. Nilipima transfa, nikakuta oili iko chini, nikaongeza na kufunga. Wiki mbili baadaye mwenyewe alirudi, akasema, "Fundi, ule mlio umerudi." Nikaongeza tena. Mara ya tatu ndipo nilipofungua na nati ya kujazia ya gia boksi, na oili ikanimwagikia hadi ndani ya mkono wa shati. Nilichokuwa nikikiweka nyuma kilikuwa kikihamia mbele kupitia sili (pete ya kuzuia oili isipite) iliyochoka katikati ya boksi mbili. Tangu siku hiyo sikagui moja bila kukagua nyingine, na mwongozo huu umejengwa juu ya utaratibu huo.

Hatua ya 1: Andaa gari na vifaa

Endesha gari kilomita chache ili oili ipate joto na kutembea, kisha uliegeshe mahali palipo sawa kabisa. Vuta breki ya mkono, weka kabari kwenye magurudumu, zima injini na usubiri kama dakika 10. Pikapu nyingi zina nafasi ya kutosha kuingia chini bila jeki. Ukilazimika kuinua, inua mbele na nyuma kwa usawa na ulikalishe gari juu ya stendi imara, kwa sababu gari lililoinuliwa upande mmoja hutoa kipimo cha uongo.

Utahitaji spana ya boksi inayokaa vizuri kwenye nati (kwa magari mengi ya Toyota ni namba 24), karai safi, brashi, bomba la kusukumia oili lenye mpira, washa mpya (pete nyembamba) za nati, na chupa tupu za maji za lita 1 au lita 1.5. Chupa hizo usizidharau, kwani ndizo zitakazotoa jibu katika hatua ya 3.

Hatua ya 2: Fungua nati ya juu kwanza

Sugua kwa brashi mchanga wote unaozunguka nati kabla ya kuzigusa, kwa sababu mchanga wa huku ni laini na hupenya ndani mara nati inapolegea. Kisha fungua nati ya kujazia, iliyo juu, kabla ya ile ya kumwagia. Nimeona gari likilala gerejini siku mbili kwa sababu fundi alimwaga oili yote, kisha akagundua kuwa nati ya juu imeganda na pembe zake zimeliwa, hivyo hakuna njia ya kurudisha oili ndani.

Ingiza kidole katika tundu. Oili inatakiwa iguse ukingo wa chini wa tundu hilo. Fanya vivyo hivyo kwa gia boksi, ukiwa umetanguliza karai.

Hatua ya 3: Mwaga, pima na ulinganishe

Mwaga oili ya kila boksi katika karai lake, uitie kwenye chupa, kisha ulinganishe na vipimo vya kitabu cha gari. Kiasi cha kila boksi peke yake hakitoshi. Jumlisha zote mbili. Tuseme kitabu kinataka lita 3 mbele, kwenye gia boksi, na lita 2 nyuma, kwenye transfa, nawe umepata lita 3.7 mbele na lita 1.3 nyuma. Jumla ni ile ile lita 5, maana yake hakuna tone lililotoka nje. Oili imehama, na dawa yake ni kushusha transfa na kubadilisha sili ya katikati. Ugonjwa huu unafahamika kwa Land Cruiser za mfululizo wa 70, na unaweza kutokea kwa gari lolote ambalo boksi hizo mbili zimetenganishwa na sili tu. Jumla ikiwa pungufu, tafuta mvujo wa nje: kwenye sili za propela ya mbele na ya nyuma, kwenye shafti ya kubadilishia gia, na kwenye maungio yenye gaskit. Vumbi lililogandamana kama uji mzito litakuonyesha mahali.

Hatua ya 4: Soma rangi na mabaki

Ute mwembamba wa kijivu kwenye sumaku ya nati ni uchakavu wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole si vya kawaida, na katika hali hiyo kujaza oili mpya ni kupoteza fedha, kwani boksi inahitaji kufunguliwa. Oili nyeusi yenye harufu ya kuungua huashiria joto kali, ambalo mara nyingi hutokana na kuendesha kwa foo wili juu ya lami kavu, au kufunga matairi ya mbele na ya nyuma yenye vimo tofauti.

Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingia maji. Transfa iliyopata moto inapozama ghafla katika maji ya baridi, hewa iliyo ndani hunywea na kuvuta kutoka nje, na ikiwa bomba la kupumulia limeziba, maji hupitia kwenye sili. Fuatilia bomba hilo hadi mwisho wake na ulipulize. Mara moja nililikuta limezibwa na tope la nyigu, gumu kama saruji. Likiwa fupi, liongezee mpira hadi juu karibu na injini. Kwa gari lililoingia maji ya bahari, kama magari yanayokimbizwa ufukweni Msimbati, usingoje hata wiki, maana chumvi huanza kula beringi mapema.

Boksi iliyoingia maji mimi huijaza oili ya daraja sahihi, huendesha gari taratibu kilomita chache, humwaga, na hurudia hadi oili itoke safi. Sioshi kwa dizeli wala mafuta ya taa, kwa sababu mabaki yake huifanya oili mpya kuwa nyepesi mno.

Hatua ya 5: Jaza oili inayotakiwa

Hapa ndipo ubishi wa gerejini unapokuwa mwingi, na kitabu cha gari ndicho mwamuzi. Transfa nyingi hutumia oili ya gia ya 75W-90 (namba ya uzito wa oili), lakini zipo zinazotaka ATF, ile oili nyembamba ya gia za otomatiki, hasa baadhi ya zile zinazoendeshwa kwa cheni. Angalia pia daraja la oili, lile la GL lililoandikwa kwenye kopo: baadhi ya oili za GL-5 zina viungo vinavyoweza kuharibu shaba ya vilinganisha gia (pete zinazosaidia gia kuingia bila kukwaruza) katika gia boksi inayotaka GL-4, na sili ya katikati ikivuja, oili ya transfa itafika huko.

Rudisha nati ya kumwagia ikiwa na washa mpya, ikaze kwa kipimo cha kitabu bila kuning'inia kwenye spana, kisha sukuma oili kwa bomba hadi ianze kuchuruzika kwenye tundu la juu. Iache itulie, kisha funga.

Hatua ya 6: Jaribu na upime tena

Peleka gari kwenye mchanga, ingiza foo wili na uende mita mia kadhaa ukisikiliza. Likiruka kwa mgongano unapokanyaga mafuta, na transfa yake ni ya cheni, kagua cheni hiyo. Rudi, pima, andika tarehe na kilomita, kisha pima boksi zote mbili baada ya kilomita 500. Gari lililobadilishwa sili ya katikati mimi hulipima tena mara ya pili, baada ya safari yenye mzigo.